“Jump” na visawe vyake: dhana potofu na ukweli

Kila nikisahihisha insha za Kiingereza nakutana na jambo lile lile. Mwanafunzi alikuwa na “jump” yake imekaa vizuri kabisa, akaifuta, akafungua kamusi ya visawe na kuweka neno zito zaidi. Nikimuuliza kwa nini, hunijibu: “Mwalimu, si maana yake ni moja?”

Si moja. Na dhana hii, kwamba visawe hubadilishana popote, ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inamponza mwanafunzi mwenye bidii. Mvivu hafungui kamusi, kwa hiyo sentensi zake hubaki nyepesi lakini sahihi. Mwenye bidii ndiye anayeniandikia “The boys vaulted with joy”, nami sina budi kukata alama.

“Jump” ni neno la jumla: kujirusha kwa nguvu ya miguu, vyovyote vile. “Hop” ni kuruka kwa mguu mmoja, au kuruka kwa chura na sungura. “Skip” ni kwenda kwa kurukaruka kama mtoto aliyefurahi, na kwa Waingereza ndiyo pia kuruka kamba, ambako Wamarekani husema “jump rope”. “Bound” ni miruko mirefu ya kufuatana, kama ya swala akikimbia. “Vault” inataka kitu cha kuubeba mwili, mkono juu ya ukuta au upondo wa mwanariadha. Hao wavulana wenye furaha walishika nini? “Leap” ni kuruka mbali au juu, na inanukia vitabu zaidi kuliko mazungumzo ya kila siku.

Anayedhani tofauti hizi ni za walimu tu aangalie riadha. Mchezo ambao leo unaitwa “triple jump” zamani uliitwa “hop, step and jump”, na majina hayo matatu bado yamo kwenye kanuni zake. Kwenye “hop” mwanariadha lazima atue kwa mguu ule ule alioondokea. Kwenye “step” anatua kwa mguu wa pili. Kisha ndipo inakuja “jump” ya kumwingiza mchangani. Akikosea mguu, mruko wake hauhesabiwi. Jonathan Edwards wa Uingereza alipofikisha mita 18.29 mjini Gothenburg mwaka 1995, alifanya vitendo vitatu tofauti, kila kimoja na jina lake.

Nahau nazo hazikubali kuguswaguswa. “Jump to conclusions” ipo, “leap to conclusions” nayo inapita, lakini “hop to conclusions” haipo. Mwaka wa siku 366 ni “leap year”, basi. Hata ile sentensi ya wanaojifunza kupiga chapa, “The quick brown fox jumps over the lazy dog”, ina herufi zote 26 kwa sababu ya “jumps”: weka “leaps” na J na M zinapotea.

Peter Mark Roget, aliyetoa kamusi yake maarufu ya visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo badala ya alfabeti. Kitabu cha namna hiyo kinamfaa anayeyajua maneno tayari na anataka kukumbushwa. Wewe unayejifunza, nunua kamusi ya wanafunzi yenye sentensi za mifano, na usiandike neno kwenye daftari lako bila sentensi yake. Nimelisema hili darasani mpaka sauti imekauka, na bado nalisema.

Wengine wanaamini “jump” ni lazima iwe na miguu. Bei ya petroli ikipanda ghafla, “the price jumped”. Bodaboda akipita taa nyekundu, “he jumped the lights”. Anayeingia mbele yenu benki, “he jumped the queue”, bila “over”; ukiitia, umesema amepita juu ya vichwa vya watu. Na “You made me jump” ni umenishtua tu.

Kuna pia wanaogeuza kila “kuruka” kuwa “jump”. Ndege ya Dodoma “haijump”: inapaa, ni “take off”, kisha “fly”. Ukurasa uliouruka kwenye kitabu uliu“skip”.

La mwisho ni “leapt”, ambalo nimeliona limekatwa kwa wino mwekundu kwenye daftari la mtoto. Si kosa. “Leapt” na “leaped” zote ni sahihi. Wamarekani hupendelea ya pili. Chagua moja na ubaki nayo hadi mwisho wa insha. “Jump” haina utata huo: ni “jumped” kokote uendako.