Akili unde ikikosea kukuhusu, anza na waraka uliosomwa

Barua zinazofika kwenye dawati letu la malalamiko zimebadilika sura. Zamani watu walilalamikia jina lililokosewa kwenye rejista, au namba ya simu iliyofika mikononi mwa wakopeshaji wa mitandaoni. Sasa wanaandika: programu ya akili unde inasema uongo kunihusu, ifuteni.

Mmoja wao ni mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja na simu ya mjukuu wake. Programu ilidai bado anaongoza shule aliyoiacha miaka sita iliyopita, na wazazi walikuwa wakimsumbua kwa simu wakiulizia nafasi za kidato cha kwanza. Alikuwa ameiandikia mwenyewe: "Mimi si mwalimu mkuu tena." Ikamjibu kwa adabu, ikaomba radhi, ikamshukuru kwa kuisahihisha. Akalala ameridhika. Kesho yake mjukuu akauliza upya, jibu likawa lilelile.

Tumelieleza jambo hili mara nyingi na linachosha kulirudia: kuiambia programu imekosea hakuisahihishi. Radhi ile inaishia ndani ya mazungumzo yale. Hata programu zinazoweka kumbukumbu humwekea mtumiaji huyo mmoja, si jirani yake.

Chanzo cha dhana hii ni kuidhania modeli, yaani mtambo wa hesabu unaotunga majibu ndani ya programu, kuwa masjala, kwamba kuna faili lenye jina lako na karani akilipata atakata mstari. Hakuna faili. GPT-3, modeli ya kampuni ya OpenAI iliyotoka mwaka 2020, ina namba bilioni 175, na habari kuhusu mtu au mji hutokana na namba nyingi zinazofanya kazi pamoja. Kuifundisha modeli upya kutoka mwanzo huhitaji maelfu ya vichakataji na mamilioni ya dola. Hakuna kampuni itakayofanya hivyo kwa sababu ya mwalimu mmoja, na sheria haikutungwa kwa matarajio hayo.

Je, namba chache haziwezi kubadilishwa? Zinaweza. Mwaka 2022 Kevin Meng, David Bau na wenzao walionyesha kwamba habari nyingi za aina hii hupita katika tabaka za kati za modeli, na kwamba zinaweza kuhaririwa moja moja. Kwa majaribio waliuhamishia mnara wa Eiffel mjini Roma, na modeli ikaanza kuusimulia kana kwamba umejengwa huko. Mbinu yao iliyofuata iliingiza maelfu ya habari kwa mpigo.

Tatizo ni yale yanayoambatana na habari iliyobadilishwa. Chukua Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Modeli iliyofundishwa kabla ya siku hiyo inajua majiji manne: Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Ihariri ikubali kwamba Eldoret ni jiji, nayo itakubali. Kisha uliza Kenya ina majiji mangapi, na inaweza kukujibu manne. Uliza ni jiji lipi lililo katika kaunti ya Uasin Gishu, na inaweza kubabaika. Watafiti waliopima jambo hili mwaka 2023 waliona mbinu za uhariri zikishindwa mara kwa mara kufikisha badiliko kwenye habari zinazolitegemea. Isitoshe, mahariri yakirundikana modeli huanza kusahau mengine iliyoyajua vizuri. Binafsi nisingependa taarifa za mgonjwa au mpiga kura zitegemee njia hii.

Ipo pia njia ya kuongezea modeli mafunzo mafupi kwa kuibandikia namba chache mpya juu ya zile za zamani. Inafaa kuifunza namna ya kujibu. Kwa habari mpya inafaa kidogo, na utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kuilisha modeli mambo isiyoyajua kwa mafunzo ya nyongeza huizidishia tabia ya kubuni.

Kinachofanya kazi kila siku ni kuifanya modeli isome kabla ya kujibu. Patrick Lewis na wenzake waliieleza mbinu hiyo mwaka 2020: swali likija, mfumo hutafuta nyaraka zinazohusika, huzisoma, ndipo hujibu. Waraka ukibadilika, jibu nalo linaweza kubadilika, bila kugusa namba hata moja.

Hapo ndipo tulipolikuta kosa la mwalimu wetu. Tovuti ya shule ilikuwa bado na picha yake, jina lake na namba yake ya simu. Programu ilikuwa imeusoma ukurasa huo vizuri kabisa.

Sasa utaratibu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinakupa haki ya kumtaka anayeshikilia data arekebishe taarifa isiyo sahihi, iliyopitwa na wakati, pungufu au ya kupotosha. Jaza fomu ya maombi ya marekebisho iliyo katika Kanuni za 2021 na uambatishe ushahidi. Ana siku 14. Ikiwa aliwapa wengine data hiyo, anapaswa kuwaarifu. Akikataa, dai sababu kwa maandishi, kisha peleka lalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kulichunguza na kulimaliza. Kamishna anaweza kutoa ilani ya utekelezaji yenye muda usiopungua siku 21. Kuipuuza bila sababu ya maana ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Faini ya kiutawala, kwa kampuni, ni hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Kampuni isiyo na ofisi nchini haiponi kwa sababu hiyo, maadamu inachakata data za watu walio Kenya.

Omba kwanza kwa mwenye waraka, kisha kwa mwenye programu. Unapomwandikia huyu wa pili, nakili swali lako neno kwa neno, weka picha ya jibu yenye tarehe, taja toleo la programu, na useme kama utafutaji wa intaneti ulikuwa umewashwa. Bila hilo la mwisho hatuwezi kujua kama kosa limo kwenye modeli au kwenye ukurasa, na barua yako itabidi tukurudishie.