Kunoa tupa maana yake nini?

Tupa, kile chuma chenye meno cha kunolea panga, jina lake limekaa kama amri: tupa! Na ndivyo tunavyoifanya. Ikianza kuteleza juu ya panga, inarushwa nyuma ya banda na mtu anakwenda dukani kununua nyingine. Siku akisikia kwamba tupa nayo hunolewa, anacheka. Inayonoa vyote, yenyewe inanolewa na nini?

Hainolewi kwa jiwe. Kisu kina ukingo mmoja wa makali, lakini tupa ni kama mamia ya patasi ndogo zilizopangwa safu kwa safu, zote zimeelekea mbele. Imetengenezwa kwa feleji yenye kaboni inayozidi asilimia 1, ikapashwa moto na kupozwa ghafla mpaka ikawa ngumu sana, ndiyo maana ikianguka sakafuni huweza kukatika kama kigae. Jiwe ukilipitisha juu yake litasaga ncha za meno tu, na meno yaliyosagwa ncha ndiyo hasa tupa butu.

Kwa hiyo mafundi wanaposema "kunoa tupa" huenda wanazungumzia kazi zisizofanana hata kidogo. Iliyo rahisi kuliko zote ni kusafisha. Ipeleke tupa juani uitazame. Ncha za meno zikimeta mstari mweupe, zimelika, kwa sababu ukingo mkali haurudishi mwanga. Zisipometa, ila mabonde kati ya meno yamejaa unga wa chuma, basi tupa ni nzima, imeziba tu. Alumini huiziba upesi sana. Piga brashi ya waya ukifuata mistari ya meno. Vipande vilivyong'ang'ania vichokonoe kwa kipande cha shaba kilichopondwa bapa. Ukishamaliza, paka chaki ya ubaoni ili unga usigande tena. Tupa nyingi nilizookota mimi zilihitaji hilo tu.

Zile zilizolika kidogo ndizo huingizwa kwenye asidi. Asidi hula chuma pande zote za jino, mbavuni na bondeni, hivyo ncha iliyoviringana inakonda na kupata ukali. Siki ya kawaida inatosha kwa asiye na haraka. Osha kwanza mafuta yote kwa sabuni, la sivyo asidi itakula huku ikiacha kule, kisha izamishe usiku kucha au zaidi. Ukiona mapovu madogo, kazi inaendelea. Ikitoka, suuza, itie kwenye maji yenye soda ya kuokea kuua asidi, uikaushe upesi maana kutu haichelewi. Wapo wanaotumia asidi ya betri. Inafanya kazi haraka, lakini inachoma ngozi na macho, na kwa tupa moja sioni sababu ya kujihatarisha. Kumbuka pia kwamba kila mzamisho unapunguza jino, na jino lililovunjika halioti tena.

Kunoa kwa maana kamili ni kukata meno upya. Zamani huko Sheffield, Uingereza, hiyo ilikuwa kazi ya mafundi na vijana wao: tupa kuukuu inalainishwa kwa moto, meno yanasagwa yote, kisha fundi anakata mapya kwa patasi na nyundo, jino moja baada ya jingine, na mwisho tupa inapashwa moto tena na kupozwa ili irudie ugumu. Ili upande uliokwisha kukatwa usiharibike, waliilaza juu ya pande la risasi, ile metali laini yenye sumu. Vumbi la risasi likawaingia mwilini, na wengi wakaishia na viganja vilivyolegea visivyoinuka. Baadaye mashine zikaichukua kazi hiyo.

Wewe mwenye tupa moja, linda meno uliyonayo. Inakata ikisukumwa mbele, inaporudi, inyanyue. Kukeketa mbele na nyuma kama msumeno ndiko kunakoiua mapema. Usiianzishe ikiwa mpya kwenye magamba ya kuchomelea, wala usiichanganye na nyundo na spana kwenye sanduku moja. Mafuta nayo yanaifanya iteleze.

Na ile iliyokufa kweli ipelekee mhunzi. Ataitia motoni ilainike, aifue iwe kisu au patasi, maana feleji yake bado ni nzuri.