Kukinga si kuondoa sumu

Mtu husoma kwamba kitunguu saumu "kiliwakinga panya dhidi ya viuatilifu". Siku mbili baadaye sentensi imeshageuka: kitunguu saumu kinaondoa sumu mwilini. Nimeisikia tena wiki hii, tena kwa mwalimu.

Katika majaribio hayo, kukinga maana yake ni kwamba mnyama aliyepewa kitunguu ameumia kidogo kuliko mwenzake aliyepewa sumu ileile, kwa kipimo kilekile, bila kitunguu. Basi.

Neno lenyewe linajieleza. Tunakinga maji ya mvua: ndoo hutangulia, tone hufuata. Ukiiweka mvua ikishakatika, hujakinga kitu. Hata tunaposema kinga ni bora kuliko tiba, tunakiri kwamba hivyo ni vitu viwili. Na ndivyo inavyofanyika maabara: mara nyingi panya hupewa kitunguu kabla ya kiuatilifu au sambamba nacho, kwa siku au wiki kadhaa. Viuatilifu vingi huzalisha ndani ya seli molekuli kali za oksijeni zinazoharibu mafuta ya kuta zake. Misombo ya salfa ya kitunguu, kama alisini inayojitengeneza punje inapopondwa, husaidia kuzidhibiti na kutunza akiba ya glutathioni, ngao ya seli yenyewe. Vimeng'enya vya ini vinavyovujia kwenye damu, dalili ya ini kuumia, hupungua. Sumu iliingia, kilichopungua ni uharibifu.

Pengine sauti ndiyo inayotupoteza, maana saumu na sumu zinakaribiana. Hazina undugu. Saumu hii ni "thum" ya Kiarabu, jina la kitunguu chenyewe, ndiyo maana wengine husema kitunguu thomu. Sumu ni "samm", neno jingine kabisa. Na saumu ya kufunga ni "sawm", la tatu.

Kiuasumu nacho, yaani dawa ya aliyekwisha kuingiwa na sumu, kina maana yake. Mtu aliyezidiwa na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hupewa atropini hospitalini, na kila dakika ina uzito. Naumia nikifikiria mgonjwa anayecheleweshwa nyumbani akitafunishwa vitunguu.

Kwa hiyo ukiisimulia habari hii, sema hivi: kitunguu saumu kimepunguza madhara ya kiuatilifu kwa panya wa maabara. Tafadhali usiliache neno panya.