Wanagenzi wangu wanaanza na kazi iliyoanguka

Nikimwambia mtu hapa Chake Chake kwamba nafundisha vijana meinfremu, zile kompyuta kubwa za mabenki, huniuliza: "Ah, hazijafa tu hizo?" IBM ilitangaza familia yake ya System/360 tarehe 7 Aprili 1964, siku 19 kabla ya Muungano, na programu nyingi zilizoandikwa kwa mashine zile zingali zinakubalika kwenye mashine mpya za leo. Mashine zipo. Wanaoondoka ni mafundi wake, watu wa umri wangu na kuzidi, na kila anayestaafu huondoka na mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika.

Wengi hudhani dawa yake ni kufundisha COBOL, lugha ambayo programu nyingi za meinfremu zimeandikwa. COBOL ni nyepesi. Ilibuniwa kuanzia 1959 kwa ajili ya mahesabu ya biashara, na kijana aliyetoka chuo akiijua Java huishika kwa wiki chache, akishazoea tu kwamba mistari yake lazima iishie safu ya 72, urithi wa kadi za kutoboa, zile za karatasi zilizotumika zamani kuingizia programu. (Mwezi wa kwanza kila mtu hulia na hiyo safu ya 72. Na mimi nililia.) Kinachochukua miaka ni kujua la kufanya saa nane za usiku kazi ikianguka, yaani ikikatika kabla ya kwisha.

Benki ikishafunga milango, meinfremu huanza kazi za usiku: kuingiza riba, kulinganisha hesabu, kutoa ripoti za asubuhi. Kila kazi ina hatua zake, zilizopangwa kwa lugha iitwayo JCL. Mwaka wangu wa pili kwenye benki moja ya Ghuba, kazi ya riba ilianguka hatua ya tatu, ya ripoti. Hatua ya kwanza ilikuwa imeshachukua nakala ya faili kuu, ya pili imeshaingiza riba. Nikairekebisha ile ya tatu, halafu kwa haraka ya ujana nikairudisha kazi nzima tangu mwanzo. Riba ikaingia mara ya pili.

Nikasema si neno, nakala ipo, nairejesha. Mzee mmoja aliyekuwa zamu nami akanizuia mkono. Nakala zile huhifadhiwa kwa vizazi: ya karibuni huitwa 0, iliyoitangulia -1. Nilipoirudisha kazi tangu mwanzo, hatua ya kwanza ilichukua nakala mpya ya faili ambalo tayari lilikuwa na riba. Kwa hiyo 0 ilikuwa chafu, na safi ilikuwa -1. Ningerejesha 0, ningekuwa nimefanya kosa lile lile kwa utulivu zaidi. Hakuna kitabu nilichosoma kilichonionya. Yule mzee alijua kwa sababu naye, miaka mingi nyuma, alikwisha kuirejesha 0.

Ndiyo maana wanagenzi wangu wanne, wanaokuja Jumamosi baada ya alasiri, hawaanzi kwa kuandika programu. Nawapa kazi zilizoanguka. Kwenye laptopu zao tumeweka Hercules, programu ya bure inayoigiza meinfremu, na juu yake MVS, mfumo endeshi wa zamani wa meinfremu. Wakishazoea huingia IBM Z Xplore, ambako mwanafunzi hufanyia mazoezi kwenye mfumo halisi wa kisasa kwa intaneti, bila malipo. Lakini kuvunja vitu tunavunjia nyumbani.

Zoezi lao la kwanza ni la ununuzi wa karafuu. Rekodi ni za kubuni: namba ya mkulima, kilo kwa tarakimu tatu, bei. Katika rekodi moja nimeuacha uga wa kilo mtupu. Kazi huanguka papo hapo na kutoa S0C7, yaani mashine imeambiwa ikokotoe kitu kisicho namba. Hilo ni kosa la heri, linapiga kelele.

Katika rekodi nyingine nimeandika 100, ila sifuri ya kwanza ni herufi O. Hapa ndipo penye shughuli. Meinfremu haitumii ASCII, msimbo wa herufi wa kompyuta za kawaida, inatumia msimbo wake, EBCDIC. Kila herufi hukaa kwenye baiti moja, na kwa heksa baiti huandikwa kwa alama mbili, 0 hadi 9 na A hadi F: tarakimu 0 ni F0, na herufi O ni D6. Programu ile ikigeuza uga kuwa namba, mashine huchukua nusu ya kulia ya kila baiti, na upande wa kushoto huutazama kwenye baiti ya mwisho tu, kutafuta alama ya chanya au hasi. D6 iliyo katikati inabaki 6. Kilo 100 zimekuwa 160, kazi imeisha kwa 0000, alama ya kwamba hakuna kosa, na mkulima amelipwa kilo 60 ambazo hakuna aliyezipima.

Msichana mmoja wa Wete ndiye aliyekamata mwanzo, kwa sababu jumla ya mashine haikuoana na jumla ya karatasi niliyowapa. Wenzake walishafunga laptopu. Kazi si imeisha salama? Yeye akazichapisha rekodi zote kwa heksa kwa IDCAMS, programu ya meinfremu ya kushughulikia mafaili, akapita nazo kwa ncha ya kalamu, moja moja, hadi ile D6 katikati ya F zake.

"Mwalimu, kumbe unatutega!"

Jumamosi ijayo nawapa ile ya riba. Nakala zote mbili zitakuwepo, na sitawaambia ipi ni chafu.