Je, wajua kwa nini masharti sahihi yanaweza kumpa mwenye alama 85 daraja C?

Karibu kila anayeanza kujifunza programu hukutana na zoezi la kupanga madaraja. Alama 80 na kuendelea ni A, 60 na kuendelea ni B, 40 na kuendelea ni C, chini ya hapo ni F. Wengi huliandika kwa lugha ya Python wakianzia chini kwenda juu:

```
alama = 85
if alama >= 40:
    daraja = "C"
elif alama >= 60:
    daraja = "B"
elif alama >= 80:
    daraja = "A"
else:
    daraja = "F"
print(daraja)
```

Iendeshe, itakujibu C. Hakuna ujumbe wa kosa, na ukipitia mstari mmoja mmoja huoni uongo wowote, maana 85 kweli inazidi 40.

Sisi tukisoma msimbo huu hutupia macho masharti yote kwa pamoja, kisha tukachagua linalofaa zaidi. Kompyuta haijui kufaa zaidi. Inaanzia juu, na ikikuta sharti la kwanza lililo kweli, inatekeleza yaliyo chini yake na kuruka hadi mwisho wa mnyororo huo wa masharti. Masharti ya 60 na 80 hayakuguswa kabisa. Maana kamili ya `elif` ni "ikiwa yote ya juu yameshindikana, jaribu na hili", na nusu ya kwanza ya maana hiyo ndiyo watu huisahau.

Ndani ya prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri za kompyuta, mambo ni ya kawaida mno. Namba mbili hulinganishwa, kwa kawaida kwa kutoa moja kutoka kwa nyingine, na prosesa hukumbuka kama tofauti ni sifuri au hasi. Amri inayofuata ama huruka kwenda sehemu nyingine ya programu, ama huacha kazi iendelee palepale. Fortran, lugha ya programu ya kampuni ya IBM iliyotoka mwaka 1957, haikuficha jambo hili: kauli yake ya IF ilipewa hesabu na sehemu tatu za kwenda, jibu likiwa hasi, sifuri au chanya. Na uwezo huo wa kuruka kwa sharti haukuwepo tangu mwanzo. Z3, mashine ya kukokotoa aliyoikamilisha mhandisi Mjerumani Konrad Zuse mjini Berlin mwaka 1941, ilifuata programu lakini haikuwa na amri hiyo.

Sasa badilisha kila `elif` kuwa `if`, ondoa `else`, na uanze kwa kuweka `daraja = "F"`. Utashangaa: jibu linakuwa A! Masharti yamekuwa matatu yanayojitegemea, kila moja linapimwa, kwa hiyo daraja linaandikwa C, likafutwa na B, likafutwa tena na A. Hapa wa mwisho ndiye anayeshinda, na ukipanga kuanzia 80 kushuka, yuleyule wa 85 anarudi kwenye C. Kwenye mnyororo wa `elif` ni kinyume chake: anza na 80, kisha 60, kisha 40, na kila kitu kinakaa sawa.

Njia nyingine ni kuandika mipaka yote miwili, kwa mfano `60 <= alama < 80`, na hapo mpangilio hauna tena uzito. Mimi napendelea mnyororo wa kushuka, kwa sababu kila mpaka unaandikwa mara moja tu. Siku B ikipandishwa kuanzia 65, unagusa namba moja badala ya mbili.

Usiipime programu hii kwa 85 peke yake. Jaribu 39, 40, 59, 60, 79 na 80, kwa kuwa makosa ya masharti hujificha mipakani: ukiandika `>` badala ya `>=`, mwenye 85 hatadhurika, ila mwenye 80 kamili atapewa B.