Tazama Mkono Usio na Upanga

Ukitaka kujua kama mwigizaji anaufahamu upanga wa Kichina au kaazimwa tu asubuhi ile, achana na upanga wenyewe. Tazama mkono wa pili. Katika mchezo wa jian, ule upanga mwembamba ulionyooka wenye makali pande zote mbili, mkono usioshika kitu una kazi yake. Kidole cha shahada na cha kati hunyooshwa pamoja, gumba likabana cha pete na cha mwisho. Wachina huviita vidole vya upanga. Mkono huo husawazisha mwili, hufungua njia, na hufuata kifundo cha mkono wenye silaha kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni. Asiyefunzwa huusahau. Utauona unaning'inia ubavuni kama mkono wa mtu anayesubiri daladala.

Mimi ni mpangaji wa mapigano. Kabla ya hapo nilicheza ngoma na dansi ya jukwaani kwa miaka mingi, na sasa riziki yangu ni kuwafundisha waigizaji namna ya kupigana bila kuumizana. Majuzi mtoto wa kaka yangu alikuja nyumbani, tukatazama Crouching Tiger, Hidden Dragon, filamu ya Ang Lee ya mwaka 2000. Katikati ya pambano akaniuliza, "Shangazi, huyu dada ana mkanda gani?" Alikuwa anamsema Zhang Ziyi. Nikamwambia hana mkanda, ni mcheza dansi. Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mkubwa akikosea. Basi haya ninayoyaandika ni jibu lake, nililoshindwa kulimaliza usiku ule kwa kuwa picha lilikuwa linaendelea.

Zhang Ziyi aliingia shule ya dansi Beijing akiwa na miaka 11, akasoma huko kabla ya kwenda chuo cha maigizo. Alipochaguliwa kuwa Jen, binti wa ofisa mkubwa anayeiba upanga usiku na kurudi kulala kama mwari, alikuwa na filamu kubwa moja tu nyuma yake, na haikuwa ya mapigano. Michelle Yeoh, anayecheza Yu Shu Lien, ni mzaliwa wa Ipoh, Malaysia. Alianza baleti akiwa mdogo, akaenda Uingereza kuisomea, mgongo ukamsaliti. Sinema za mapigano alizianza katikati ya miaka ya 1980 huko Hong Kong, akajifunza ngumi kama anavyojifunza dansi: kwa kuhesabu.

Hapo kwenye kuhesabu ndipo penye siri. Pambano la filamu halipiganwi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hukatwa vipande, kila kipande pengine mapigo matano au saba, na kila kipande hurudiwa mara kumi, mara ishirini, mpaka kamera, taa na vumbi vikubaliane. Mpiganaji wa kweli amefunzwa kumdanganya mpinzani, asitabirike. Kwangu mimi mtu huyo ni balaa, maana pigo la tatu leo atalileta begani, kesho sikioni. Mcheza dansi amefunzwa kinyume chake: kurudi palepale, kwa nguvu ileile, unyayo uleule, hata akiwa hoi. Ukinipa watu wawili wenye umri na afya sawa, mmoja bingwa wa ulingo na mmoja mcheza dansi, upanga nampa wa pili. Bingwa nitamtafutia sehemu ya kuanguka kutoka ghorofani.

Rudia pambano la wanawake hawa wawili kwenye uwanja wa mazoezi wenye rafu ya silaha. Jen ana Green Destiny, upanga unaosemwa kuwa na miaka 400, unaokata chuma kama muwa. Yu Shu Lien hana silaha ya kuulinganisha nao, kwa hiyo anabadilisha moja baada ya nyingine: vitara viwili, mkuki, panga zenye ndoana, hata chuma kimoja kizito mno kinachomshinda kukiinua, na ukumbi mzima wa sinema hucheka hapo. Kila silaha ina mwendo wake. Vitara viwili huzunguka mwili kama kanga inayopepea, mkuki huchoma na kurudi, ndoana hunasa na kuvuta. Kwa mpangaji, hilo ni kama kumtaka mtu mmoja acheze ngoma za makabila matano mfululizo, asichanganye hata hatua moja. Kamera imekaa mbali vya kutosha tuone miguu. Hicho ndicho kipimo changu kingine: mwongozaji anayeficha miguu ana jambo analolificha. Mwishoni Yu Shu Lien amebakiwa na kipande cha upanga uliovunjika, na kipande hicho ndicho kinachofika shingoni mwa binti. Lakini Jen hakubali kwamba ameshindwa. Anamchana mkono mwenzake aliyekwisha kumhurumia. Tabia nzima ya mtu imo katika pigo hilo moja.

Aliyepanga mapigano hayo ni Yuen Wo-ping, ambaye mwaka mmoja kabla jina lake lilikuwa limevuka bahari kwa kazi yake katika The Matrix. Watu hudhani kazi kubwa ilikuwa waya. Waya ni kweli ulikuwepo. Waigizaji walining'inizwa kwa nyaya zilizovutwa na watu, kisha zikafutwa kwa kompyuta. Lakini waya haumfundishi mtu kuruka. Mshipi hufungwa nyongani, na ukishanyanyuliwa, kila kitu kinategemea tumbo na mgongo wako. Ukilegea, unaning'inia kama shuka iliyoanikwa. Nasema hivyo kwa uzoefu. Katika igizo moja la jukwaani niliinuliwa mita tatu tu, nikageuka kichwa chini miguu juu mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, na wengine walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Sasa, Chow Yun-fat. Yeye hakuwa mcheza dansi wala mtu wa upanga. Alikuwa nyota wa bastola na koti refu, tangu A Better Tomorrow ya mwaka 1986. Akiwa na miaka zaidi ya 40, akapewa nafasi ya Li Mu Bai, mtaalamu wa Wudang, shule ya upanga yenye sifa, aliyechoka na damu. Wakafanya jambo la busara kuliko yote katika filamu hii: wakaacha asimame. Mwangalie anapomkabili Jen kwa kijiti tu, mkono mmoja umewekwa nyuma ya mgongo. Utulivu ule unasomeka kama ubingwa, na wakati huohuo unampunguzia mapigo ya kukariri. Ule mkono wa pili ambao ungemuumbua, wameuficha mahali pa heshima. Nimeiba mbinu hiyo mara nyingi kwa ajili ya waigizaji wazito.

Na ndiyo, stelingi anakufa. Waliozoea kibanda umiza, ambako stelingi hafi, walitoka wamenuna.

Lugha ilikuwa kasheshe nyingine. Filamu nzima ni ya Kimandarini, lakini Chow ni mtu wa Hong Kong aliyekulia katika Kikantoni, Yeoh hakuwa akisoma herufi za Kichina na alijifunza maneno yake kwa sauti, na Chang Chen, anayecheza jambazi wa jangwani, ni wa Taiwan. Zhang peke yake ndiye mtu wa Beijing. Kwa sikio la huko ni kama filamu ya sultani wa Unguja ambamo mfalme ana lafudhi ya Lubumbashi na mkewe ya Nairobi. Huko Magharibi, waliokuwa wakisoma maandishi chini ya picha, hawakusikia kitu. Filamu ikapata zaidi ya dola milioni 100 Marekani peke yake na kuchukua Oscar 4, ikiwemo ya filamu bora ya lugha ya kigeni na ile ya muziki wa Tan Dun.

Muziki huo ndio unaonirudisha nyuma, kwenye chanzo cha haya yote. Katika lile pambano la usiku juu ya mapaa hakuna nyuzi wala filimbi, kuna ngoma tupu, na miguu inazifuata. Huo ni urithi wa opera ya Beijing, ambako sarakasi, upanga na mdundo vilifundishwa pamoja kwa watoto. Aliyeuhamishia kwa ustadi mkubwa kwenye sinema ni mwongozaji King Hu. Mwaka 1966, akiwa na kampuni ya Shaw Brothers Hong Kong, alitoa Come Drink with Me, na mpangaji wake wa mapigano alikuwa Han Yingjie, mtu wa opera. Wapenzi wa Bruce Lee mnamfahamu Han kwa sura: ndiye yule bosi mwenyewe katika The Big Boss ya 1971.

Kwa nafasi ya Golden Swallow, mwanamke mpiganaji anayevaa kiume na kwenda kumkomboa kaka yake aliyetekwa, King Hu hakutafuta bondia. Alimchukua Cheng Pei-pei, msichana wa Shanghai mwenye miaka kama 20 aliyesomea baleti. Ukiweza kuipata filamu hiyo, nenda moja kwa moja kwenye hoteli ndogo ya njiani. Amekaa mezani peke yake. Majambazi wanamzunguka, wanamchokoza, wanamrushia vitu, naye anavijibu kwa mikono, kiti hakijasogea. Kisha panakuwa kimya. Kisha mlipuko. Kisha anaganda. Katika opera mchezaji hufikia kilele cha mwendo, akasimama tuli ili aonekane, na vyombo vinakata. Aliyewahi kucheza ngoma ya kwetu anaijua sekunde hiyo, mpigaji anapokata na vumbi bado liko hewani. King Hu alijenga mapigano yake juu ya sekunde hiyo. Kasi tunaiona kwa sababu ya kile kimya kilichotangulia.

Baadaye King Hu alihamia Taiwan, akatengeneza Dragon Inn na A Touch of Zen, ambayo ina pambano katika msitu wa mianzi. Sasa utaelewa kwa nini Ang Lee, aliyekulia Taiwan, alimvalisha Jen nguo za kiume na kumkalisha hotelini azungukwe na wababe, na kwa nini baadaye alimpandisha pamoja na Chow juu ya mianzi. Hakuwa anaokota mapambo. Alikuwa anamwamkia mzee wake.

Na alimwamkia kwa njia nyingine ambayo mtoto wa kaka yangu hakuiona, ingawa ilikuwa mbele ya macho yake saa mbili nzima. Yule Jade Fox, mama mtu mzima mwenye sumu, yaya wa Jen na mwalimu wake wa siri, ni Cheng Pei-pei mwenyewe, miaka zaidi ya 30 baada ya ile meza ya hotelini. Katika hadithi, Jade Fox aliiba kitabu cha mafunzo cha Wudang, lakini aliweza kufuata michoro tu. Jen aliyasoma maandishi, akamficha, akampita. Cheng alifariki Julai 2024, akiwa na miaka 78. Nilipomwambia kijana hayo, alirudisha filamu nyuma mpaka pambano la usiku uani, akasogea karibu na runinga. "Tazama miguu," nilimwambia. Akatazama kwa muda bila kusema kitu, halafu akauliza kama ile ya 1966 ninayo.