Sifa ya jahazi inanuka: dhana potofu kuhusu insha za watoto

Nafundisha Kiswahili darasa la tano hapa Bagamoyo. Juzi nilisahihisha insha 43 zenye kichwa "Likizo yangu". Nyingi zilianza vilevile: "Siku moja mimi na rafiki yangu..." Ofisini mwenzangu mmoja akaguna: "Watoto wa siku hizi hawana ubunifu."

Dhana: Hawana ubunifu

Hawana cha kuandika, basi. Mtoto yuleyule aliyeambulia mistari minne utamkuta wakati wa mapumziko anatega vitendawili. Anayesema "nyumba yangu haina mlango" na maana yake ni yai, ameshaimudu kazi ngumu ya uandishi: kukieleza kitu bila kukitaja. Tulipotoka kutazama milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, niliwaambia kila mtu atege kitendawili cha mlango aliouona. Mmoja aliuchagua wenye misumari ya shaba: "Babu ana meno ya shaba, hajawahi kula."

Dhana: Sanaa inataka basi na kiingilio

Sisi wa Bagamoyo hatuna kisingizio hicho. Ngome Kongwe tunaifikia kwa miguu, na TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, kipo hapahapa mjini na huandaa tamasha kila mwaka. Mvua ikinyesha, kanga moja ya mama inatosha. Soma maandishi yake, kisha uliza: nani anamwambia nani, na wamekosana nini?

Dhana: Wapeleke tu, insha itakuja yenyewe

Hii niliiamini mimi mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliwapeleka Kaole, wakazunguka magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita. Kesho yake nikasoma: "Tuliondoka saa mbili. Tulifika. Tulikula. Tulirudi." Ile ilikuwa ratiba! Kosa lilikuwa langu, nilitaka waone kila kitu.

Safari iliyofuata tulikwenda ufukweni, kwenye jahazi moja tu, dakika 20. Kila mtoto alichagua kimoja: harufu, sauti au mkono wa fundi. Fundi alikuwa anakalafati, anapenyeza nyuzi za pamba katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, ko, ko, ko. Pembeni pana kopo la sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka chombo. Binti mmoja akaziba pua: "Mwalimu, sifa gani hii inanuka?"

Tuliporudi hakuna aliyeshika kalamu. Kwanza waliigiza: mmoja jahazi, mmoja nyundo, mmoja fundi anayelalamikia jua. Wakabishana, wakasimuliana. Kati ya kuona na kuandika pana kusema, na hapo ndipo wengi wetu tunaruka. Yule binti akaandika: "Jahazi lilipakwa sifa nyingi, likanuka mpaka kungulu wakahama." Kucheza na neno namna hiyo sikumfundisha mimi.

Dhana: Ngoma inakula muda wa mtihani

Robo saa tu. Tunapiga madawati: pigo fupi, fupi, refu. Kisha kila mtu anasoma sentensi yake huku wenzake wakipiga. Mwenye "halafu" saba mfululizo anakatika pumzi mbele ya darasa zima, na nukta anaitafuta mwenyewe. Kwa ubao na chaki somo hilo lilinichukua wiki mbili, na bado halikuingia.

Dhana: Makosa yote yasahihishwe siku hiyohiyo

Ndivyo nilivyofundishwa, na wino mwekundu nimeumwaga sana. Siku hizi rasimu ya kwanza naipigia mstari mmoja tu, chini ya sentensi iliyonipendeza. Tahajia ni ya Ijumaa. "Kungulu" nikamwacha alivyo, huku mkono unaniwasha.

Alhamisi yule binti akanifuata mlangoni na daftari lake: "Mwalimu, hivi ni kungulu au kunguru?"